Ratili moja ya baruti, risasi mia: gharama ya kuitafutia bunduki ya kushindilia mjazo wake

Ratili moja ya baruti nyeusi ina greni 7,000. Bunduki ya kushindilia yenye mtutu wa nusu inchi, saizi ambayo Wamarekani wengi wa mchezo huu huanza nayo, hula greni 70 hivi kila inapofyatuliwa. Ukigawa unapata risasi 100. Kopo la fataki nalo huuzwa likiwa na fataki 100, na sanduku la gololi za risasi za kiwandani lina gololi 100. Mtu akitoka dukani na kimoja kimoja cha hivyo vitatu, amebeba risasi mia, si zaidi.

Je, mia hizo zinatosha kumwonyesha mchanganyiko wa baruti, gololi na kitambaa ambao bunduki yake itaupiga kwa usahihi? Nimezipiga hesabu kwa njia kadhaa, na jibu langu ni kwamba zinatosha. Ila zinatosha kwa yule tu asiyezimaliza akipima vitu ambavyo tarakimu zenyewe zinaonyesha havina uzito. Na vitu hivyo ndivyo vinavyopendwa zaidi kupimwa.

Mchezo huu una makao yake. Katika mji mdogo wa Friendship, jimbo la Indiana, ndiko uliko uwanja wa NMLRA, chama cha kitaifa cha wapiga bunduki za kushindilia kilichoanzishwa mwaka 1933. Kimataifa ipo MLAIC, ambayo kanuni zake humpa mshindani dakika 30 apige risasi 13, kisha kumi zilizo bora ndizo huhesabiwa, kwa umbali wa mita 50 au 100. Anayeshindana hapo anatumia ufundi ule ule waliouendeleza mafundi wenye asili ya Kijerumani kule Pennsylvania katika karne ya 18: baruti humiminwa kwa kipimo mdomoni mwa mtutu, kiraka cha pamba kilichopakwa kilainisho hutandikwa juu ya mdomo, gololi ya madini ya risasi huwekwa juu ya kiraka, na vyote viwili husukumwa kwa mdeki mpaka vikae barabara juu ya baruti. Fataki huwekwa mwisho kabisa, chini ya nyundo.

Msomaji wa Tabora au Songea anayelijua gobori atashangaa: kiraka cha nini? Gobori la kwetu, hata lile linalomilikiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa kawaida mtutu wake ni laini ndani. Bunduki ninayoizungumzia hapa imechongwa mifuo inayozunguka ndani ya mtutu, nayo mifuo hiyo haiigusi gololi. Huigusa nguo. Nguo ndiyo inayoishika mifuo na nguo ndiyo inayoishika gololi, hivyo gololi hutoka ikizunguka. Katika Hawken ya Thompson/Center, bunduki iliyoingia sokoni mwaka 1970 na kuwaingiza watu wengi katika mchezo huu, mfuo hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 48. Gololi ikitoka kwa kasi ya futi 1,700 kwa sekunde, hiyo ni mizunguko 425 kila sekunde. Mitutu iliyotengenezwa mahususi kwa gololi huzungusha taratibu zaidi. Ule wa inchi 66 unaipa gololi hiyo hiyo mizunguko 309. Tofauti hii itarudi kwenye hesabu baadaye, na itagharimu.

Tuanze na njia ya pupa, ya kujaribu kila kitu. Chukua gololi za vipenyo viwili, inchi 0.490 na 0.495. Chukua vitambaa vya unene wa aina tatu. Chukua baruti kutoka greni 50 hadi 90 kwa hatua za greni tano tano, ambayo ni mijazo tisa. Ongeza baruti ya chembe kubwa na ya chembe ndogo, zile zinazoandikwa FFg na FFFg, kisha vilainisho vitatu. Mara mbili mara tatu mara tisa mara mbili mara tatu: michanganyiko 324. Ukiupa kila mmoja risasi tano tu, umefyatua mara 1,620. Baruti iliyoteketea ni ratili 16.2. Gololi ya 0.490 ina uzito wa greni 177 hivi, kwa hiyo madini ya risasi yaliyozikwa kwenye tuta la shabaha yanakaribia ratili 41, kama kilo 18.6. Kwa mwendo wa mashindano, risasi 13 kwa nusu saa, hiyo ni kazi ya zaidi ya saa 62 bila kunyanyua kikombe cha chai.

Bei hupanda na kushuka kwa duka na kwa msimu, kwa hiyo nitatumia za kukadiria: baruti dola 30 kwa ratili, fataki dola 10 kwa kopo, gololi dola 20 kwa sanduku. Kila risasi inakuwa senti 60. Njia ya pupa inafika dola 972 kabla ya nguo, kilainisho na mafuta ya gari. Yapo pia ambayo bei ya rafuni haionyeshi. Baruti nyeusi ikiagizwa kwa njia ya usafirishaji hutozwa ada ya mzigo wa hatari, na ada hiyo hutozwa kwa kifurushi, si kwa ratili. Tuseme ni dola 40. Ukiagiza ratili moja, kila risasi imeongezewa senti 40. Ukiagiza kumi, imeongezewa senti nne. Hii ndiyo sababu wanachama wa klabu huagiza pamoja. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu binafsi kununua hadi ratili 50 za baruti ya kiwandani bila leseni, kwa ajili ya michezo, burudani au utamaduni katika silaha za kale. Upatikanaji wenyewe nao uliwahi kuyumba: mwaka 2021 kampuni ya Hodgdon ilitangaza kukifunga kiwanda cha GOEX kule Louisiana, tegemeo kuu la Wamarekani kwa bidhaa hii, na mwaka uliofuata kikachukuliwa na Estes Energetics, ndugu wa kampuni ya roketi za kuchezea. Aliyejifunza kuitumia vizuri ratili moja hakutikisika sana mwaka ule.

Ukubwa wa mtutu unabadilisha hesabu zote hizi kwa nguvu ambayo wengi hawaitarajii, kwa sababu uzito wa gololi hukua kwa mchemraba wa kipenyo chake. Gololi ya bunduki ndogo ya 0.36, yenye kipenyo cha inchi 0.350, ina greni 64 tu. Ratili moja ya madini inatoa gololi 109, na kwa greni 30 za baruti kila risasi, ratili ya baruti inatoa risasi 233. Kwa mtutu wa nusu inchi, ratili ya madini inatoa gololi 39. Kwa ule wa 0.54 wenye gololi ya 0.530, gololi ina greni 224, ratili ya madini inatoa 31 tu, na kwa greni 90 za baruti unapata risasi 77. Anayeanza na mfuko mwembamba, akaanza na 0.36, anapata mazoezi zaidi ya mara mbili kwa baruti na madini yale yale. Ningemshauri hivyo kijana yeyote, ilimradi aelewe kwamba gololi ndogo husukumwa na upepo kwa urahisi zaidi.

Sasa tufike kwenye kosa linalokula baruti nyingi kuliko yote, nalo ni imani katika kundi la risasi tatu. Mtu hupiga tatu, hupima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, huandika namba, hubadilisha mjazo, hupiga tatu nyingine. Tuseme bunduki fulani, kwa mjazo mmoja usiobadilika, hutoa makundi ya risasi tatu yenye wastani wa inchi 1.5 kwa yadi 50. Bunduki hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, itatoa makundi ya tano yenye wastani wa inchi 1.9, na ya kumi yenye wastani wa inchi 2.4. Hakuna kilichoharibika. Kadiri unavyopiga nyingi ndivyo nafasi ya risasi moja kwenda pembeni inavyoongezeka. Anayejivunia inchi moja na nusu ya risasi tatu na anayesikitikia inchi mbili na nusu ya risasi kumi huenda wanashika bunduki zenye uwezo mmoja.

Kuna baya zaidi. Tuseme umejaribu mijazo minane, risasi tatu kila mmoja, na kwa kweli yote minane ni sawa kabisa. Kwa bahati tupu, kundi dogo kuliko yote litakuwa karibu nusu ya wastani, na kubwa kuliko yote litakuwa mara moja na nusu ya wastani au zaidi. Yaani utaona inchi 0.75 mahali pamoja na inchi 2.3 mahali pengine, utaapa kwamba umeupata mjazo wa bunduki yako, na wiki ijayo mjazo huo huo utakusaliti. Haukukusaliti. Haukuwa umekuambia lolote.

Dawa ya kwanza ni kuacha kupima matundu mawili tu. Pima umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha kundi, kisha chukua wastani. Hapo kila risasi uliyoilipia inatoa ushahidi wake. Hata hivyo, risasi tano zinakadiria wastani huo kwa kosa la karibu robo, juu au chini. Ishirini zinashusha kosa hadi karibu asilimia 12. Kutokana na hapo unaweza kukokotoa jambo ambalo natamani kila mpigaji alibandike kwenye sanduku lake la vifaa: ili kuthibitisha kwamba mjazo mmoja ni bora kuliko mwingine kwa asilimia 10, unahitaji risasi zaidi ya 200 kwa kila mjazo, ambazo ni zaidi ya ratili nne za baruti kwa swali moja. Tofauti ya asilimia 50 inahitaji kama risasi 14 kwa kila mjazo. Tofauti ya mara mbili inaonekana kwa risasi tano au sita.

Kwa maneno mengine, mwenye ratili moja hana uwezo wa kununua majibu ya tofauti ndogo. Anaweza kununua majibu ya tofauti kubwa, na hayo anayanunua kwa bei nafuu mno. Kinachobaki ni kujua ni vitu gani katika bunduki hii vinavyoleta tofauti kubwa.

Uzito kamili wa baruti haumo. Wapo wanaopima baruti kwa mzani hadi sehemu ya kumi ya greni, huku mtindo wa siku zote wa bunduki hizi ukiwa ni kujaza kikombe kidogo cha kipimo. Greni moja zaidi au pungufu katika 70 hubadilisha kasi kwa kama futi 10 kwa sekunde. Gololi huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika yadi 50, na katika muda huo huanguka karibu inchi 2. Badiliko la futi 10 katika 1,700 linasogeza anguko hilo kwa inchi 0.02, chini ya unene wa kadi ya benki. Linganisha na jicho: vilengeo vya wazi vilivyoachana inchi 30, cha mbele kikikaa kando kwa mia moja ya inchi tu, vinapeleka risasi inchi 0.6 kando kwa yadi 50. Kosa la jicho ni mara thelathini ya kosa la greni moja. Fedha ya mzani wa baruti ingenunua mfuko mzuri wa mchanga wa kulazia bunduki.

Mzani una kazi, lakini kazi yake ni kupima gololi. Anayeyeyusha madini mwenyewe, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na kuyamimina katika kalibu, hupata gololi kwa sehemu ndogo ya bei ya kiwandani. Afanye kazi hiyo mahali penye hewa na anawe mikono kabla ya kula, kwa sababu sumu ya madini haya hujikusanya mwilini. Tatizo la gololi za nyumbani ni tundu la hewa lililojificha ndani. Gololi iliyopaswa kuwa na greni 177 ikiwa na 174, greni tatu zimepungua mahali fulani, na pengo hilo likiwa karibu na ngozi ya gololi, kitovu cha uzito husogea kwa inchi 0.0034 hivi. Gololi inazunguka mara 425 kwa sekunde. Inapouacha mtutu, kitovu kile kilichohama hurushwa pembeni kwa kasi ya inchi 9 kwa sekunde, na kwa yadi 50 gololi imeachana na mstari wake kwa karibu inchi 0.9. Haijulikani kwa upande gani, kwa sababu inategemea tundu lilielekea wapi wakati wa kushindilia. Katika mtutu wa inchi 66, wenye mizunguko 309, kosa hilo hilo linashuka hadi kama inchi 0.65. Gololi mia hupimwa kwa jioni moja, na zile zilizopungua zinarudi chunguni bila hasara. Sijui kazi nyingine katika mchezo huu inayolipa hivyo kwa gharama ya muda tu.

Umbali wa kujaribia nao ni fedha. Gololi ni umbo baya la kupasua hewa: ikitoka na futi 1,700 kwa sekunde, kwa yadi 100 imebaki na kama 1,000. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa, kama kilomita 16, unaihamisha inchi 2 na kidogo kwa yadi 50, na zaidi ya inchi 9 kwa yadi 100. Umbali umezidi mara mbili, upepo umezidi zaidi ya mara nne. Anayetafuta mjazo kwa yadi 100 siku ya upepo anapima upepo. Yadi 50, asubuhi iliyotulia, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko: hapo kila risasi inasema habari za bunduki.

Kisha kuna nguo, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Mtutu una kipenyo cha inchi 0.500 kutoka tuta hadi tuta, yaani zile sehemu zilizoinuka kati ya mifuo, na gololi ina 0.490. Pengo kati ya gololi na tuta ni 0.005 kila upande. Mfuo wenye kina cha 0.010 unaongeza pengo hilo hadi 0.015. Kitambaa cha unene wa 0.010 kinabanwa vizuri juu ya matuta, lakini ndani ya kila mfuo kinaacha nafasi ya 0.005, na moto wa baruti hupita hapo hapo. Kitambaa cha 0.018 kinaijaza nafasi yote: kinabanwa mpaka 0.015 ndani ya mifuo, na zaidi kwenye matuta. Tofauti ya vitambaa hivyo viwili ni kama sehemu moja ya tano ya milimita, na inaweza kuamua kama matundu yatajikusanya chini ya kiganja au yatatapakaa ubao mzima. Hii ndiyo tofauti kubwa tuliyokuwa tukiitafuta, ile ya mara mbili, inayoonekana kwa risasi tano.

Uzuri mwingine ni kwamba kitambaa kinatoa ushahidi bila kudai risasi za ziada. Baada ya kufyatua, nenda mbele yadi kadhaa ukaviokote viraka. Kiraka kizuri kina alama nyeusi ya duara katikati, mistari ya mifuo inaonekana wazi kuizunguka, na nguo ni nzima. Kilichotoboka kwa moto katikati kinasema kilainisho hakitoshi au baruti imezidi uwezo wa nguo. Kilichoungua kwa mistari pale mifuo ilipopita kinasema nguo ni nyembamba, moto umevuja. Kilichokatwa kama kwa wembe kinasema matuta au mdomo wa mtutu una makali ya kulainishwa, na hakuna kiasi cha baruti kitakachoponya hilo. Mpigaji anayepuuza viraka vyake analipa kwa baruti taarifa ambayo imelala majanini bure.

Kuhusu kilainisho nitasema machache. Watu hugombania mapishi yake kwa shauku kubwa: nta ya nyuki na mafuta ya mnyama, mafuta yanayochanganyika na maji, hata mate. Chagua kimoja kinacholainisha masizi, kipake kwa kiasi kile kile kila mara, na usikiguse mpaka mengine yote yamekamilika. Kwa kawaida tofauti kati ya vilainisho viwili vizuri ni zile ndogo zinazodai mamia ya risasi.

Masizi yenyewe ni jambo zito. Andrew Noble na Frederick Abel, Waingereza waliochunguza baruti kwa kuilipua ndani ya chombo kilichofungwa miaka ya 1870, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake, karibu asilimia 57, haigeuki kuwa gesi. Hubaki kuwa chembe ngumu. Katika greni 70, hizo ni greni 40. Katika risasi mia, ni greni 4,000, zaidi ya nusu ratili ya uchafu uliopita ndani ya mtutu. Sehemu kubwa hutoka kama moshi, iliyobaki huganda ndani. Usipofuta, risasi ya pili inapita katika mtutu mwembamba kuliko wa kwanza, na ya tano katika mwembamba zaidi, kwa hiyo huna risasi tano za mjazo mmoja, una risasi moja moja za mitutu mitano. Wakati wa majaribio futa kila mara, kwa kitambaa chenye unyevu kisha kikavu, mipito ile ile, na shindilia kwa nguvu ile ile mpaka alama uliyoichora kwenye mdeki ifike mdomoni. Alama hiyo pia ni usalama: gololi iliyosimama katikati ya mtutu, ikaacha nafasi tupu juu ya baruti, inaweza kuupasua. Na baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, isiingie humo hata kidogo.

Tuzigawe basi risasi mia. Ishirini za kwanza ni za nguo na gololi: jozi nne za gololi na kitambaa, tano tano, zote kwa greni 60, kisha soma viraka. Hizo ni greni 1,200. Ishirini na tano zinazofuata ni za baruti, kwa jozi iliyoshinda: greni 50, 60, 70, 80 na 90, tano tano, bila kuvuka kikomo cha kitabu cha mtengenezaji wa bunduki. Hizo ni greni 1,750. Kwa nini hatua za kumi na si za tano? Kwa sababu risasi tano haziwezi kutofautisha 65 na 70, lakini zinaweza kutofautisha mahali ambapo bunduki imetulia na mahali ambapo imechafuka. Kanuni ya zamani inayojulikana kwa jina la Davenport, greni 11.5 kwa kila inchi ya ujazo ya mtutu, inasaidia kubashiri: mtutu wa nusu inchi wenye urefu wa inchi 30 una ujazo wa inchi 5.89, na jibu ni kama greni 68. Juu ya hapo sehemu inayoongezeka ya baruti inakupa moshi na teke kuliko kasi. Ni kanuni ya kubana matumizi, haiahidi shabaha, ila inakuonyesha pa kuanzia kutazama.

Mijazo miwili iliyoongoza ipewe risasi 14 kila mmoja, upige moja ya huu na moja ya ule kwa zamu, ili uchovu wako na mabadiliko ya upepo viigawie yote miwili sawa. Kwa wastani wa greni 70 hizo 28 zinakula 1,960. Isipoonekana tofauti, chukua wenye baruti kidogo ukashukuru. Risasi saba zitumike kurekebisha vilengeo. Ishirini za mwisho zipigwe kwa mjazo uliochaguliwa, siku nyingine, bila kubadilisha chochote. Namba itakayotoka hapo ndiyo uwezo wako na bunduki yako, na si ile ndogo iliyokufurahisha katikati ya safari. Hizo 27 zinakula greni 1,890. Jumla ni greni 6,800, na 200 zimebaki chupani kwa ajili ya zilizomwagika.

Kwa mwendo wa risasi 13 kwa nusu saa ni karibu saa nne za kazi, bora zigawanywe kwa asubuhi mbili au tatu. Fedha: baruti 30, fataki 10, masanduku mawili ya gololi 40, vitambaa viwili kama 16. Dola 96, dhidi ya 972 na zaidi za njia ya pupa, na gololi nusu zimebaki.

Tazama mahali fedha hiyo ilipokwenda. Yadi moja ya kitambaa cha pamba cha upana wa inchi 44, ikikatwa vipande vya inchi moja na robo, inatoa viraka 980. Kwa dola nane, kila kiraka hakifiki senti moja, chini ya sehemu moja ya thelathini ya bei ya baruti inayokisukuma. Lakini nguo haifanani kutoka jora moja hadi jingine: unene hutofautiana, na wanga wa kiwandani usipofuliwa hubadilisha namna inavyonyonya kilainisho. Viraka 980 ni chakula cha karibu ratili kumi za baruti. Ukishaupata mjazo, rudi dukani wiki hiyo hiyo, na kama jora bado lipo, kata yadi mbili zaidi, zifue pamoja, uzipime kwa mikromita na kuandika unene pembeni kwa kalamu. Jora likiwa limekwisha, tenga risasi kumi za ratili ijayo kwa ajili ya jora jipya, kabla hujagusa kipimo cha baruti.